Umepata Kazi Wapi?

Siku niliyorudi Kapsoya nimevaa ovaroli ya kifua, ile ya mikanda ya mabegani na mfuko mbele, baba alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akauliza, "Umepata kazi wapi?"

Sikuwa nimepata. Mwaka wa pili sasa tangu nimalize chuo. Nguo niliinunua mtumba mjini kwa sababu ilinipendeza, basi. Baba ni fundi wa magari. Ovaroli yake ina grisi ambayo hakuna sabuni imewahi kuiweza, na huivua mlangoni kabla ya kuingia sebuleni. Kwake hiyo ni nguo ya kutafutia unga. Kwangu ilikuwa ya kupigia picha.

Swali lake lilinichoma, nikaanza kusoma. Kumbe nguo hii imetembea. Hata neno dangirizi lina safari yake: ni ndugu wa dungaree ya Kiingereza, iliyotokana na dungri, kitambaa kigumu cha pamba cha India.

Kule Marekani, fundi cherehani Jacob Davis aliona suruali za vibarua zikichanika mifukoni, akaikaza mifuko kwa ribiti za shaba. Akamwandikia Levi Strauss, aliyekuwa akimuuzia vitambaa, na tarehe 20 Mei 1873 wakapewa hataza. Kampuni ya Lee ilitoa ovaroli yake ya kifua mwaka 1911. Wakulima na watu wa reli walivaa nguo za aina hiyo. Kile kipande cha mbele kilikinga shati, na mfuko wake ukabeba saa na penseli.

Lakini pamba ya Marekani ilikuwa imeshatufikia zamani. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sultani Said. Meli za Salem, Massachusetts, zikaleta Unguja kitambaa kigumu kisichopaushwa, watu wakakiita merikani. Zilirudi na pembe za ndovu na sandarusi. Wapagazi walikibeba merikani mabegani hadi bara, na huko kikatumika kama pesa. Pamba yenyewe ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani. Yaani kabla ya mtu kuivaa, tayari kuna mgongo uliokuwa umeumia.

Ndiyo maana miaka ya 1960 vijana wa SNCC, wengi wao wanafunzi waliopigania haki za Weusi, walivaa ovaroli walipokwenda vijijini Mississippi. Walitaka kusimama na wakulima maskini, si kuwatazama kutoka juu.

Na sisi hapa Eldoret tuna kiwanda cha nguo, Rivatex, kilichoanzishwa mwaka 1976 na kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Bado ovaroli yangu ilitoka kwenye belo la mtumba, imeshavaliwa na mtu nisiyemjua. Goti la kushoto limepauka. Huenda alipiga magoti sana kazini. Huenda naye alikuwa wa picha tu.

Jumamosi baba aliniambia, "Basi kama umeshavaa, twende."

Nilishinda chini ya Probox nikimshikia tochi na kumpa spana, mara nyingi ile isiyofaa. Hakunilipa, na kazi bado natafuta. Lakini jioni tulipofika nyumbani, niliivua mlangoni.