Redio ya nyumbani inakataa kufunguka ukiwa ngambo: juu ya nini, na ufanye nini?

Wengi wetu tuna ndugu ngambo: Uganda, Burundi, Ubelgiji, Uingereza, Kanada, Marekani. Wakisikia kwamba barabara imefungwa ao kuna masasi upande wa kijiji chao, kitu cha kwanza wanatafuta ni redio ya kule. Wanabonyeza, redio haifunguki. Wanasoma tu kwamba "haipatikani katika inchi yako". Hapo swali linakuja: redio yetu iko bure, juu ya nini wananifungia?

Mara nyingi si redio yenyewe imefunga mlango. Ni ile programu ulipitia. Ukijua tofauti hiyo, hutatupa mega na makuta bure.

Intaneti inajua namna gani uko wapi?

Kila simu ikiingia ku intaneti inapewa namba inayoitwa adresi ya IP. Kampuni ya simu ndiyo inaitoa, na kila adresi inajulikana ni ya inchi gani. Huduma ya redio ao ya filamu inaangalia namba hiyo. Haiangalii pasipoti yako wala luga unayosema.

Wakaaji wa mipakani wanaweza kuliona jambo hili bila kusafiri. Mtu eko Goma lakini anatumia SIM ya Rwanda: kwa intaneti, yeye eko Rwanda. Ni vilevile kwa mtu wa Kasindi mwenye SIM ya Uganda. Kinyume chake, ukifika Kampala na SIM ya Kongo yenye roaming, mara nyingi utaendelea kuonekana kama uko Kongo, kwa sababu intaneti yako inarudi kupitia kampuni ya nyumbani. Lakini uliza bei kwanza, roaming inakula inite haraka sana.

Juu ya nini wanafunga?

Sababu kubwa ni haki za watunzi na za wenye michezo. Muziki, filamu na mechi za mpira vinauzwa inchi kwa inchi. Televisheni iliyolipa haki za mechi kwa Ubelgiji haina ruhusa ya kuionyesha Bukavu, hata kama kamera na maneno ni vilevile.

Mfano wa Uingereza unawagusa moja kwa moja ndugu zetu wanaoishi kule. TuneIn ni programu inayokusanya maelfu ya redio za dunia mahali pamoja. Kampuni za muziki Sony na Warner ziliishitaki, na mwaka wa 2019 Mahakama Kuu ya London ikazipa haki. Mwaka wa 2020 TuneIn ikawafungia watu wa Uingereza redio za inchi zingine. Mwaka wa 2022 Radio Garden, ile yenye picha ya dunia inayozunguka, nayo ikawaachia redio za Uingereza tu. Kwa hiyo Mkongomani wa Manchester akitafuta redio ya Kivu ndani ya programu hizo, hataipata. Redio yenyewe haikumfungia, na inaweza kufunguka vizuri kupitia tovuti yake.

Huduma zingine zinafunga zenyewe. Mwezi wa 7 mwaka wa 2025, BBC ilifunga programu yake ya BBC Sounds kwa wasikilizaji walio inje ya Uingereza, ikawatuma kwenye tovuti na programu yake ya kimataifa.

Fanya haya mbele ya kutafuta VPN

1. Uliza mtu wa nyumbani afungue linki ileile saa ileile. Kama naye anashindwa, si kizuizi cha inchi. Pengine umeme umekatika ku stesheni, ao intaneti yao imekwisha.

2. Acha programu ya kukusanya redio, enda moja kwa moja kwa tovuti ya redio yenyewe. Radio Okapi, iliyoanza kusema tarehe 25 Februari 2002, inasikilizwa kupitia radiookapi.net. RFI Kiswahili, iliyoanza mwaka wa 2010, inaweka vipindi vyake ku tovuti yake. Kwa filamu na vipindi vya Kifaransa, TV5MONDEplus ni ya bure na imetengenezwa kwa watazamaji wa dunia yote.

3. Omba habari zilizorekodiwa. Sauti iliyotumwa kwa WhatsApp haiulizi uko inchi gani, na unaweza kuisikiliza tena pale mtandao umepotea.

4. Chagua sauti ndogo. Redio inayotumwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde inakula karibu mega 29 kwa saa moja. Ikiwa 128, ni karibu mega 58. Video inakula zaidi sana.

5. Kama unaishi Ubelgiji ao inchi nyingine ya Umoja wa Ulaya na unalipa abonema ya filamu ao mpira, tangu tarehe 1 Aprili 2018 sheria inataka abonema hiyo ikufuate ukitembelea inchi nyingine ya Umoja kwa muda mufupi. Haikufuati ukirudi Kongo.

Na VPN?

VPN inafanya simu yako ipitie kwanza kompyuta iliyo inchi nyingine, na huduma inaona adresi ya ile kompyuta. Ni kama kutuma barua kupitia kwa rafiki wa Nairobi: anayeipokea anaona muhuri wa Nairobi. Inaweza kufungua mlango, lakini pima mambo manne.

Kwanza, sheria. Tanzania, mwezi wa 10 mwaka wa 2023, mamlaka ya mawasiliano TCRA iliwataka watumiaji wa VPN wajiandikishe. Kwa wafanyabiashara wetu wanaoenda Dubai: sheria ya Falme za Kiarabu inatoza dirham 500,000 mpaka 2,000,000 kwa anayeficha adresi yake ili atende kosa. Uliza mbele ya kufika.

Pili, masharti. Huduma nyingi zinakataza VPN na zinaitambua. Unaweza kulipa VPN na mlango ubaki umefungwa.

Tatu, usalama. VPN ya bure inaweza kuona tovuti unazotembelea na kuuza habari hizo. Usipakue ile inayotembezwa kwa WhatsApp. Na ukitaka kutuma feza kwa simu, zima VPN kwanza.

Ine, VPN haifanyi kitu kama intaneti yenyewe imekatwa. Tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, Kongo yote ilikaa karibu siku 20 bila intaneti. VPN haikuweza kumsaidia mtu. Mwenye kiredio kidogo cha mawe aliendelea kusikia stesheni zilizobaki hewani, kwa kuwa mawimbi ya redio hayapitii ku kampuni ya simu.

Kwa ninyi mulio nyumbani

Ndugu yako wa ngambo akikuomba redio, usimutumie jina la programu tu. Fungua tovuti ya redio, hakikisha sauti inatoka, kisha utume linki ile yenyewe pamoja na saa ya habari kwa saa za kwetu. Mukumbuke pia kwamba Goma, Bukavu, Beni na Bunia ziko saa moja nyuma ya Kampala. Wengi wanafungua redio na kukuta habari bado, wanafikiri wamefungiwa, kumbe saa haijafika.