Ubashiri wa hatari ya upasuaji wa dharura wa tumbo kwa wazee

Ubashiri wa hatari ya upasuaji ni kazi ya kukadiria, kabla mgonjwa hajaingizwa chumba cha upasuaji, uwezekano wake wa kufa au kupata madhara makubwa baada ya kupasuliwa. Kwa mzee, ambaye katika tafiti nyingi za tiba huhesabiwa kuanzia miaka 65, kazi hiyo huwa ngumu zaidi pale tumbo linapolazimika kufunguliwa kwa dharura kwa sababu utumbo umeziba au umejisokota, kidonda cha tumbo kimetoboka, ngiri imenyongwa, au mshipa unaopeleka damu kwenye utumbo umezibika. Upasuaji uliopangwa huacha majuma kadhaa ya kushusha sukari, kuongeza damu na kuchunguza moyo, ilhali dharura huacha saa chache, na katika saa hizohizo maambukizi huendelea kusambaa.

Mwili wa mzee, zaidi ya hayo, huficha dalili. Tumbo lililojaa usaha huenda lisikakamae, homa huenda isipande, na dawa za presha za kundi la vizuia beta huzuia mapigo ya moyo yasiende mbio hata pale mgonjwa anapozidiwa. Moyo, mapafu na figo zilizomtosha katika shughuli zake za kila siku huwa zimebakiwa na akiba ndogo, nayo akiba hiyo haionekani mpaka idaiwe. Kipimo kinachotegemea tu presha, mapigo na damu ya siku ile kinaweza kwa hiyo kutoa faraja isiyostahili.

Kipimo kikongwe kinachotumika hadi leo ni daraja la ASA, lililotokana na pendekezo la mwaka 1941 la madaktari wa usingizi wa Marekani Saklad, Rovenstine na Taylor, ambalo humpanga mgonjwa kwa hali ya afya yake kwa ujumla, kuanzia mzima hadi yule asiyetarajiwa kuishi bila upasuaji, na kuongeza herufi E panapokuwa na dharura. Ni rahisi na huchukua dakika moja, lakini madaktari wawili wanaweza kumpa mgonjwa mmoja madaraja tofauti. Mwaka 1991 Copeland na wenzake nchini Uingereza walichapisha POSSUM, hesabu inayojumlisha mambo 12 ya mwili, kama presha, chumvi za damu na hali ya fahamu, na mambo 6 ya upasuaji wenyewe, kama kiasi cha damu iliyopotea na uchafu uliokutwa tumboni. Toleo lililosahihishwa Portsmouth, P-POSSUM, lilifuata mwaka 1998. Kasoro yake kwa wazee iko wazi kwa anayeitazama kwa makini. Mengi ya yale mambo 6 hayajulikani kabla tumbo halijafunguliwa, hivyo daktari hulazimika kuyakisia; na kwa upande wa umri, mtu wa miaka 71 na mwingine wa miaka 95 hupata alama sawa.

Hatua kubwa ilitokana na ukaguzi wa kitaifa wa upasuaji wa dharura wa tumbo wa England na Wales, ujulikanao kama NELA, ulioanza kukusanya takwimu Desemba 2013. Kutokana na wagonjwa zaidi ya 38,000 ilitengenezwa hesabu mpya, iliyochapishwa mwaka 2018, inayokadiria uwezekano wa kufa ndani ya siku 30. Thamani ya kazi hiyo haikuishia kwenye hesabu, kwani namba ilifungamanishwa na wajibu: mgonjwa anayekadiriwa kuwa na hatari ya 5 kwa 100 au zaidi anapaswa kuhudumiwa na daktari bingwa wa upasuaji na bingwa wa usingizi, wote wakiwepo chumbani, na baadaye kulazwa kwenye uangalizi maalumu. Katika miaka ya ukaguzi huo vifo vya siku 30 vilishuka kutoka karibu 12 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 10. Huko Marekani, mwaka huohuo wa 2018, watafiti walitoa POTTER, programu ya simu inayotumia akili mnemba na kumuuliza daktari maswali machache, kila jibu likiamua swali linalofuata.

Hata hivyo, jambo lililobadilisha zaidi uelewa wa hatari kwa wazee ni udhaifu wa uzeeni, yaani hali ambayo akiba ya mwili mzima imepungua kiasi kwamba pigo dogo humwangusha mtu asiinuke tena. Udhaifu si umri, wala si hesabu ya maradhi. Kenneth Rockwood na wenzake wa Halifax, Kanada, walichapisha mwaka 2005 kipimo cha ngazi 7, ambacho baadaye kilifikishwa ngazi 9: ya 1 ni mtu mkakamavu, ya 5 ni anayehitaji kusaidiwa shughuli nzito za nyumbani na mambo ya fedha, ya 6 ni anayesaidiwa kuoga, na ya 9 ni aliyekaribia mwisho wa maisha. Kinachopimwa ni hali ya mtu wiki mbili kabla ya kuugua, si jinsi alivyo juu ya machela. Utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 937 wenye miaka 65 na zaidi, kutoka hospitali 49, ulionyesha kuwa mmoja kati ya watano alikuwa dhaifu, na kwamba udhaifu uliongeza hatari ya kufa ndani ya siku 90 pasipo kutegemea umri.

Kipimo hiki kinahitaji uangalifu kinapovuka mipaka ya jamii kilikozaliwa. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki bibi hapiki kwa sababu wakwe na wajukuu wanamheshimu, si kwa sababu mikono imeshindwa, na babu humtuma mtoto dukani ilhali angeweza kwenda mwenyewe. Anayeuliza tu nani anamsaidia mzee atawaona dhaifu watu wasio dhaifu. Swali la haki ni kama angeweza, asingekuwepo wa kumsaidia, kwenda shambani, kupanda ngazi za msikiti au kuinuka mkekani peke yake.

Kila hesabu ya namna hii hupimwa kwa mambo mawili. La kwanza ni kama inawatenganisha watakaokufa na watakaopona. La pili ni kama, miongoni mwa watu 100 walioambiwa hatari yao ni 20 kwa 100, wanakufa kweli kama 20. Hata ikifaulu yote mawili, huzungumzia kundi, na haiwezi kumwambia mgonjwa yuko upande gani. Isitoshe, hesabu hizi zimejengwa kwa takwimu za waliopasuliwa tu: mzee ambaye madaktari na jamaa zake walikubaliana asipasuliwe hayumo ndani yake. Na karibu zote hukadiria kifo, ilhali mzee mara nyingi huuliza kama atarudi nyumbani kwake, atatembea, na akili zake zitabaki zilivyokuwa. Maswali hayo yanastahili kujibiwa kabla hajatia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa.

Barani Afrika suala si hesabu pekee. Utafiti wa ASOS, uliochapishwa mwaka 2018 na kuhusisha hospitali 247 katika nchi 25, ulikuta kuwa vifo baada ya upasuaji vilikuwa takriban mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa walikuwa na umri wa wastani wa miaka 38.5, na wengi wa waliokufa walifia wodini baada ya siku ya upasuaji. Hata hivyo, makadirio huwezekana hata pasipo maabara ya usiku: alama za Boey za kidonda kilichotoboka huhitaji mambo matatu tu: maradhi makubwa ya awali, presha iliyoporomoka kabla ya upasuaji, na kupita kwa saa 24 tangu kutoboka. Ngazi za Rockwood nazo huhitaji ndugu anayemfahamu mzee na muuguzi mwenye subira ya kumsikiliza, na jibu la wawili hao linatosha kuamua ni kitanda kipi kiwe karibu zaidi na meza ya wauguzi usiku ule.