Fizikia ya Mpemba: Heshima Ilikuwa ya Nani?



Basi litokalo Moshi kwenda Tanga hupita hapa Kifaru, likaambaa na milima yetu ya Upare hadi Same, na abiria wa Lushoto hushukia Mombo. Kwenye ncha mbili za safari hiyo ziko Magamba, juu ya Lushoto, na Mweka, juu ya Moshi. Mtu mmoja alisoma kote kuwili, na jina lake limo katika vitabu vya fizikia vya dunia nzima. Ni Erasto Mpemba. Habari zake wengi mnazijua. Lakini ubishi kuhusu nani hasa alistahili sifa haujaisha, na ndio ulionifanya nishike kalamu.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyaweka katika friji. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Siku moja mwenzake mmoja aliwahi kuweka maziwa ambayo hakuyachemsha. Mpemba, alipoona anakosa mahali, akayaingiza ya kwake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado ni uji mzito. Alipomwuliza mwalimu wa fizikia, aliambiwa kuwa amechanganyikiwa.

Likizoni akakutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga. Huyo alimwambia kwamba yeye hutia ya moto kwa makusudi ili igande upesi, na kwamba kaka yake, naye muuzaji, ndiye aliyemfundisha. Hapa naomba tusipite mbio. Kumbe jambo lililoitwa kuchanganyikiwa darasani lilikuwa ujuzi wa kujipatia riziki sokoni! Hakuna medali iliyowahi kubisha hodi kwa wauza aiskrimu hao.

Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu akajibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ile ya ulimwengu. Darasa likapata mzaha wa kudumu: akikosea hesabu, ni hesabu ya Mpemba. Baadaye Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuja kuzungumza na wanafunzi. Kijana akasimama mbele ya wenzake wanaocheka, akauliza kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya maji ya nyuzi 35. Osborne hakuamini, lakini aliporudi Dar alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba ya moto ndiyo yaliyotangulia, akaahidi kurudia mpaka apate jibu sahihi!

Makala yao ilitoka mwaka 1969 katika jarida la Uingereza, Physics Education. Waandishi ni Mpemba na Osborne, kwa mpangilio huo. Mhadhiri angeweza kutia sahihi peke yake na kumshukuru mwanafunzi kwa mstari mmoja chini ya ukurasa. Wangapi wamefanya hivyo! Yeye alimwachia kijana aeleze kisa chake kwa maneno yake mwenyewe.

Wapinzani wana hoja. Aristotle alilitaja jambo hili zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, Bacon na Descartes wakaligusa katika karne ya 17, na mwaka huohuo wa 1969 Kell wa Kanada aliandika juu yake bila kumjua Mpemba. Kwa nini basi liitwe kwa jina la Mpemba? Jibu langu ni kwamba hao wa kale walijulikana sana, na bado walimu wawili wa fizikia walimcheka aliyeuliza.

Tuzo za kueneza sayansi kwa umma zina tabia ya kupanda mlima. Tuzo ya Kalinga ya UNESCO ilipoanza mwaka 1952 alipewa Louis de Broglie, mwenye Nobel tangu 1929. Mwaka uliofuata akapewa Julian Huxley, ambaye ndiye aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa UNESCO hiyohiyo.

Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza pauni 1,000 kwa atakayeeleza vizuri kisa cha Mpemba. Watu zaidi ya 22,000 walijitokeza. Mshindi alikuwa Nikola Bregović wa Zagreb, Kroatia, na aliyemtangaza ni Mpemba mwenyewe. Wako waliosikitika kuona mwenye jina akigawa zawadi badala ya kuipokea. Lakini shindano lilikuwa la maelezo, na Bregović alirudi maabara na kupima. Sioni dhuluma hapo.

Mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha vipimo vyao, wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba jambo lenyewe lipo, na kwamba hata mahali pa kuweka kipimajoto huweza kudanganya. Wengine bado wanabishana nao. Mpemba hakuwa mwanafizikia wa kazi. Makala ilipotoka alikuwa Mweka akisomea wanyamapori, na huko ndiko alikotumikia taifa.

Shuleni tumezoea kumzawadia anayejibu. Napendekeza kamati ya wahitimu itenge zawadi moja ya fizikia kila mwaka kwa mwanafunzi aliyeuliza swali ambalo mwalimu alishindwa kulijibu, na mwalimu huyo ndiye aimkabidhi.