Tela la Land Rover ya babu, na boti la Stanley



Najua nimepotea. Tangu Krismasi sijaandika kitu, na nasikia wengine mmeshaanza kusema jamaa kadisco. Bado nipo jamani, Mlimani hapahapa, na sapu sina. Nilikuwa nyumbani Bariadi kwa shughuli ya familia, nimerudi na malengelenge mikononi pamoja na somo moja la historia ambalo sikulipata darasani.

Kilichonifanya niandike leo ni roommate wangu. Yeye na wenzake wanataka likizo ndefu wakapige kambi Serengeti, waingilie geti la Ndabaka. Wana kijeep cha kaka yake ambacho hawataki kukichosha njiani, kwa hiyo wanatafuta tela wakibebe nyuma ya pickup, pamoja na mahema na masufuria. Jana kanifuata: "We si Msukuma wa Simiyu halafu unasoma historia? Tuambie basi tuchukue tela gani." Nikamwambia ngoja niandike, wote msome, maana jibu lake limeshaigharimu familia yetu ng'ombe wawili.

Basi bwana, babu yangu aliacha Land Rover 109, ile ndefu. Tangu afariki ilikuwa imekaa kijijini Meatu, kuku wanatagia ndani. Desemba baba akaamua iletwe Bariadi mjini, kwa fundi. Akauza ng'ombe wawili tupate hela ya kukodi trekta na tela. Kisha akaniambia mbele ya wadogo zangu, "Wewe ndiye umesoma. Chagua tela."

Nikachagua kama msomi. Gari lile lina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, kwa hiyo nikatafuta tela kubwa kuliko yote yaliyokuwepo: magurudumu manne, bodi ya chuma, refu kama darasa. Njia sikuiuliza. Sasa kama unaijua mbuga ya kwetu, ule udongo mweusi, unajua kiangazi unapasuka nyufa na masika unageuka gundi. Mvua ilinyesha usiku ule ule. Asubuhi, kabla ya kijito kimoja kinachopeleka maji mto Simiyu, tela likazama mpaka kwenye eksele. Trekta likavuta, likachimba, likazama nalo.

Tukalala pale siku mbili chini ya tela, turubai juu, mbu pembeni. Siku ya pili mwenye trekta akafanikiwa kulinasua la kwake na tela likiwa tupu, baada ya sisi kuishusha Land Rover kwa magogo, akaondoka. Hela haikurudi. Baba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Siku ya tatu akapita mzee mmoja na mkokoteni wake wa ng'ombe. Akatusalimu, akaizunguka Land Rover polepole, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, mnabeba gari zima la nini?"

Ndiyo ikawa dawa. Bodi ya Land Rover zile ni ya aluminiamu na imefungwa kwa nati. Tukatafuta spana, tukafungua milango, boneti, mabawa, viti, mwisho injini, ambayo tuliinyanyua wanaume sita huku mmoja akitukana. Vyote vikapanda mikokoteni mitatu. Chesisi tukaiacha kwenye matairi yake yenyewe, tukaifunga jozi mbili za ng'ombe. Siku ya tano tukaingia Bariadi, watu wakicheka barabarani.

Sasa njooni kwenye historia. Niliporudi chuo nikaenda East Africana pale maktaba, nikamsoma Stanley, kile kitabu chake cha 1878 cha safari ya kukatiza Afrika. Nikakuta jambo lililonisisimua mwili. Mwaka 1875 yule bwana alipita kwetu! Alifuata mto anaouita Shimeeyu, ndio Simiyu huu huu, akidhani ndio chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Na alikuwa na mzigo kama wetu: boti. Liliitwa Lady Alice, urefu futi 40, limetengenezwa Uingereza kwa vipande vitano ili libebeke. Vipande vilipofika Zanzibar vikaonekana vizito na vipana mno kwa njia za huku, ikabidi fundi avipunguze upya. Ndipo wapagazi wakavibeba mabegani kutoka Bagamoyo, tarehe 17 Novemba 1874, mpaka Kagehyi, ufukweni mwa Ziwa, tarehe 27 Februari 1875. Siku 103, na kwa hesabu yake maili 720. Tarehe 8 Machi boti likaelea. (Kwa wale wa mambo ya mapenzi: Alice alikuwa mchumba wake. Aliporudi akakuta kashaolewa na mtu mwingine.)

Angalieni alichofanya. Njia ilikuwa ya mguu, upana wa mtu mmoja. Kama angeng'ang'ania boti zima, lingebaki Bagamoyo. Sifa ya kitabu kaichukua yeye, ila mabega yalikuwa ya watu wetu, na majina ya wengi wao hayajulikani.

Wapo waliotaka magurudumu kabla ya wakati wake. Mwaka 1876 Roger Price wa London Missionary Society alijaribu njia ya ng'ombe kutoka pwani hadi Mpwapwa, akaona inawezekana. Mwaka uliofuata wenzake wakaja na magari ya kukokotwa. Mbung'o wakawamaliza ng'ombe, magari yakaachwa, wakarudi kwa wapagazi. Mwaka huohuo wa 1877 Alexander Mackay wa CMS alikata barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, kazi ya kishujaa kweli, lakini mikokoteni yake nayo iliteswa na mvua na vifo vya ng'ombe. Mzigo waliupima vizuri. Njia, pamoja na wadudu wake, hawakuipima.

Mfano wa kinyume upo vita ya kwanza ya dunia. Mwaka 1915 Waingereza walitaka kuwatoa Wajerumani Ziwa Tanganyika. Wakaleta boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja futi 40, kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli hadi Fungurume, Kongo. Pale reli ikaishia. Boti zikawekwa juu ya matela maalumu, zikavutwa na matrekta mawili ya mvuke pamoja na makundi ya ng'ombe kupita milima ya Mitumba hadi Sankisia. Na hawa hawakuzikata boti, ila waliigeuza njia: walijenga madaraja zaidi ya 100. Tarehe 26 Desemba 1915 wakaikamata meli ya Kijerumani Kingani. Kwa hiyo ukitaka kubeba kitu kizima, andaa njia nzima. Serikali ya kifalme ina uwezo huo. Baba yangu aliyeuza ng'ombe wawili hana.

Kwetu Usukumani gurudumu lilikubali pale mapori ya mbung'o yalipofyekwa, pamba ikashamiri na majembe ya kukokotwa yakaenea. Pamba ni nyepesi lakini inajaa, na ilitakiwa ifike kwenye chama cha ushirika, ule ushirika wa akina Paul Bomani uliounda shirikisho la Victoria mwaka 1955. Mikokoteni ikawa mali ya mwanamume aliyekamilika. Kule Arusha kitengo cha serikali cha TAMTU, ambacho baadaye kiliingia katika CAMARTEC iliyoundwa 1981, kilibuni mikokoteni ya mbao ambayo fundi wa kijijini angeweza kuitengeneza. Huku Bariadi mafundi walikuja na jibu lao: eksele ya gari bovu, matairi yake, mbao juu. Ndiyo yale matatu yaliyobeba Land Rover yetu.

Na msidhani kambi ni ya wazungu. Miaka ya 1970 na 1980 Wasukuma wengi walihama na mifugo kwenda Rukwa, Usangu, baadaye Kilombero. Mkokoteni ulikuwa lori na nyumba. Mchana umebeba mahindi, masufuria, kuku, bibi na watoto. Jioni nira zinashushwa, turubai linafungwa ubavuni, moto unawashwa, watu wanalala chini yake. Mwaka 2006 wengi waliondolewa Usangu na serikali, wakaanza safari nyingine na mali ileile. Kwa hiyo roommate wangu akisema anataka tela la kubebea na la kulalia, mimi namwona kama mhamiaji wa Kisukuma mwenye simu nzuri.

Haya, jibu lako mkuu. Kwanza uliza njia. Kutoka Lamadi hadi Bariadi siku hizi kuna lami, pale tela lolote zima litapita. Ukiacha lami masika, la eksele moja, matairi mapana, tumbo juu, litakutoa penye tope kuliko langu la magurudumu manne. Pili, panga mzigo uegemee mbele ya eksele kidogo. Ukiurundika nyuma, tela linayumba na kuinua mkia wa pickup, kama vile mkokoteni uliozidishiwa nyuma unavyoinua nira na kuwakaba ng'ombe koo. Tatu, kama tela lenye jeep ni zito kupita uwezo wa pickup na breki zake, acheni tela nyumbani. Endesheni jeep yenyewe taratibu, mizigo ibebwe na pickup. Kile ndicho kipande chenu cha boti.

Stanley mwenyewe, baada ya kuzunguka maziwa na kushuka mto Kongo, alimwacha Lady Alice juu ya mwamba karibu na maporomoko ya Isangila mwaka 1877. Kuna wakati wa kubeba na kuna wakati wa kutua.

Sisi bado hatujatua. Land Rover iko kwa fundi Bariadi, imeshaunganishwa, imebaki kuwaka. Baba alipiga simu juzi, tukaongea habari za mvua, za mdogo wangu, za ada. Mwisho akasema, "Fundi anauliza zile nati nne za boneti uliziweka wapi." Zipo hapa mfukoni mwa begi langu wadau, nilisahau kuzitoa. Kesho nazituma kwa basi.

Ngoja nilale, saa 2 asubuhi nina tesiti.