Ndege za Mboya: Masomo ya ng'ambo yaliyochangiwa na wananchi

Septemba 9, 1959, ndege ya kukodi kutoka Nairobi ilitua New York ikiwa na vijana 81, karibu wote Wakenya. Nchi yao ilikuwa bado koloni la Uingereza, na hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952 ilikuwa haijaondolewa. Vijana hao walikuwa wamekubaliwa katika vyuo vya Marekani, na aliyesimamia safari yao alikuwa Tom Mboya, Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi la Kenya, mwenye umri wa miaka 29.

Simulizi za safari hizo kwa kawaida huwataja Mboya na John F. Kennedy, kisha zikaishia hapo. Wote wawili wanastahili sifa. Hata hivyo, ukifuatilia fedha zilivyopatikana na wanafunzi walivyopokelewa, unakuta kwamba mzigo mkubwa ulibebwa na watu wa kawaida: wakulima na wachuuzi wa Kenya, waumini wa makanisa ya Wamarekani weusi, watawa, walimu na familia zilizofungua nyumba zao kwa wageni. Hilo ndilo fundisho la historia hii, nasi tumelisahau.

Mlango mwembamba

Katika miaka ya 1950, kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka shahada bila kuvuka bahari alikuwa na mlango mmoja, Makerere. Chuo cha Ufundi cha Royal mjini Nairobi kilianza kufundisha mwaka 1956, lakini hakikuwa bado chuo kikuu. Chuo kikuu cha Dar es Salaam kilingojewa hadi Oktoba 1961. Serikali ya kikoloni iliwapeleka Uingereza wachache iliowachagua yenyewe, na maofisa wake walizidharau shahada za Marekani.

Mboya, aliyekuwa amesoma katika chuo cha Ruskin, Oxford, aliliona jambo hili kwa jicho la mwanasiasa. Uhuru ulikuwa unakaribia, na nchi ingehitaji walimu, wahandisi, wanauchumi na watumishi wa umma. Kusubiri mkoloni awafundishe kungekuwa sawa na kusubiri aamue lini Waafrika wako tayari kujitawala.

Alipozuru Marekani mwaka 1956, alikutana na William Scheinman, mfanyabiashara wa vipuri vya ndege, na wawili hao wakaanza kuwasaidia wanafunzi mmoja mmoja. Mwaka 1959 Mboya alirudi na kuzunguka nchi hiyo akihutubia vyuo, makanisa na vyama vya wafanyakazi. Kila alipokwenda aliomba nafasi za masomo. Vyuo vilizitoa, vingine vikiwa vidogo sana, na vingine vikiwa vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi. Kikwazo kikabaki nauli.

Michango ya pande mbili

Ili kuipata nauli hiyo, mfuko ulioitwa African-American Students Foundation ulianzishwa mwaka huo huo. Barua yake ya kuomba michango ilitiwa saini na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Watatu hawa walikuwa miongoni mwa Wamarekani weusi waliojulikana zaidi wakati huo, na waliwaandikia wananchi wenzao kuwaomba wachangie watoto wa Afrika. Martin Luther King Jr., wakati huo mchungaji wa kanisa la Dexter Avenue huko Montgomery, Alabama, aliandikiana na Mboya na kukubali kuchangisha fedha za kumtunza mwanafunzi mmoja Mkenya katika chuo cha Tuskegee. Watu hao walikuwa wakipigania haki zao wenyewe katika mabasi, shule na vituo vya kupigia kura, na bado walipata cha kumpa jirani wa mbali.

Nyumbani nako, nafasi ya masomo haikutosha. Mwanafunzi alihitaji nguo, fedha za kujikimu na sehemu ya karo ambayo chuo hakikuilipa. Familia ziliuza ng'ombe na mazao. Vijiji viliandaa karamu za chai na dansi zenye kiingilio, na majirani wakachanga kila mmoja kwa uwezo wake. Kazi ya kuchagua wanafunzi na kuwatafutia vyuo Mboya aliifanya pamoja na Dkt. Gikonyo Kiano, Mkenya wa kwanza kupata shahada ya uzamivu, na Kariuki Njiiri, ambao wote walikuwa wamesoma Marekani. Hivyo kijana aliyepanda ndege hakuondoka akiwa wa baba na mama yake tu. Kijiji kizima kilikuwa kimeweka akiba yake kwake, na kilitarajia arudi.

Fedha za Kennedy zilikuja baadaye. Mwaka 1960 waombaji waliongezeka, na orodha ikaingiza vijana kutoka Tanganyika, Uganda, Zanzibar, Nyasaland na Rhodesia zote mbili. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikataa kulipia ndege. Julai mwaka huo Mboya alimtembelea Kennedy, aliyekuwa mgombea urais, nyumbani kwake Hyannis Port, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Baada ya ahadi hiyo, Wizara nayo ikajitokeza na kiasi kama hicho, na suala hilo likawa hoja ya kampeni kati ya Kennedy na Richard Nixon. Ni vizuri kukumbuka mpangilio wa matukio: ndege ya kwanza ilikuwa imeruka karibu mwaka mzima kabla ya wanasiasa wa Washington kuanza kugombea sifa.

Kilichojifunzwa

Kati ya 1959 na 1963, wanafunzi karibu 800 walivuka bahari kwa mpango huo. Pamela Odede, ambaye baadaye aliolewa na Mboya, alikwenda chuo cha wanawake cha Western huko Ohio. Mwaka 1963 alifika Pittsburgh kijana kutoka Uganda, Mahmood Mamdani, ambaye leo ni miongoni mwa wasomi wakubwa wa siasa za Afrika.

Septemba 1960 aliondoka Wangari Muta, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Wangari Maathai. Alikwenda chuo cha Mount St. Scholastica, katika mji mdogo wa Atchison, Kansas, kilichoendeshwa na watawa wa Kibenedikto. Akiwa njiani kwa basi, katika jimbo la Indiana, yeye na wenzake walikatazwa kukaa mkahawani kwa sababu ya rangi yao. Huko Atchison watawa walimpokea na kumlea. Nchi moja ilimwonyesha sura mbili ndani ya muda mfupi, na hakuna kitabu ambacho kingemfundisha hayo vizuri zaidi. Alipata shahada ya biolojia mwaka 1964, akaenda Pittsburgh kwa shahada ya uzamili, na huko akawaona wanamazingira wakishinikiza hewa ya mji wao isafishwe. Mwaka 1977 alianzisha harakati za kupanda miti za Green Belt kwa kutumia njia aliyoikuta tangu utotoni: wanawake wa kijiji kushirikiana. Tuzo ya Nobel ya Amani ilimfikia mwaka 2004.

Wenyeji nao walifaidika. Makanisa na shule za Marekani ziliwaalika wanafunzi hawa kuzungumza, na Wamarekani waliokuwa wakiisikia Afrika kwenye sinema tu wakakaa meza moja na Waafrika wa kweli. Hayo ndiyo mabadilishano ya utamaduni hasa, kwa kuwa kila upande ulitoa na kupokea.

Mboya aliuawa kwa risasi katikati ya Nairobi Julai 5, 1969, akiwa na miaka 38. Wengi wa aliowasafirisha walikwisha kurejea na kushika madarasa, maabara na ofisi za taifa jipya.

Leo ufadhili wa masomo mara nyingi ni jambo kati ya mwanafunzi na tovuti ya chuo au ubalozi. Kijiji hakijui kijana amekwenda lini, na chuo hakijui ametoka kwa nani. Tunaweza kufanya vizuri zaidi. Kaunti, halmashauri, misikiti, makanisa na shule zenye marafiki ng'ambo ziwaombe marafiki hao wapokee wanafunzi wetu nyumbani mwao, nasi tuwapokee wao. Na wewe msomaji, kama kuna mzee katika ukoo wako aliyepanda ndege hizo, keti naye mwaka huu, uandike anayoyakumbuka na kuzihifadhi barua na picha zake. Wengi wa waliobaki sasa wamepita miaka 80, na historia hii ni yao kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote.