Nusu sentimita iliyowagombanisha Philips na Sony

Oktoba 1, 2022 ilitimia miaka 40 tangu Sony waanze kuuza nchini Japani mashine ya kwanza ya CD ya kutumia nyumbani. Iliitwa CDP-101, ikauzwa yen 168,000. Miongoni mwa CD zilizotoka pamoja nayo ilikuwamo albamu ya Billy Joel iitwayo 52nd Street, iliyokuwa imeshauzwa kwa santuri miaka minne kabla.

Yapo mengi ya kusifu katika mashine ile, kuanzia mwali wa leza mpaka rimoti iliyokuja nayo. Mimi nasifu kitu kilichokuwa nyuma yake: matundu mawili ya waya, moja jekundu na jingine jeupe. Kwa matundu hayo mtu aliyekuwa na redio kubwa sebuleni hakulazimika kuitupa ili asikilize CD. Alichomeka, akasikiliza.

Pini zinazochomekwa humo zilikuwa kongwe. Zilibuniwa na kampuni ya Marekani, Radio Corporation of America, miaka ya 1930, ili gramafoni iweze kuunganishwa na redio. Ndiyo maana mpaka leo huitwa pini za RCA, ingawa wengi wetu tulizifahamu kama waya za AV za deki ya video, zile zenye ya tatu ya njano kwa ajili ya picha. Sauti ya pande mbili, stereo, aliiombea hataza Mwingereza Alan Blumlein mwaka 1931. Santuri za stereo zilienea kuanzia 1958, na mwaka huohuo Harman Kardon wakatoa risiva ya stereo, yaani redio na amplifaya ndani ya kasha moja. Kaseti ililetwa na Philips mwaka 1963.

Ugomvi wa Philips na Sony ulikuja na CD.

Machi 8, 1979, mjini Eindhoven, Uholanzi, Philips waliwaonyesha waandishi wa habari kisahani cha plastiki kinachosomwa kwa leza. Kwa kipimo chao kilikuwa na upana wa sentimita 11.5, sawa na kaseti ukiipima kutoka pembe hadi pembe. Kilitosha muziki wa saa moja. Philips walijua kwamba peke yao wasingefika mbali. Wakati huo kampuni za video zilikuwa zikiumizana, Betamax ya Sony upande mmoja na VHS upande mwingine, na mnunuzi alikuwa akinunua mashine bila kujua kama kanda zake zitapatikana miaka mitano baadaye. Basi wakaenda Japani kutafuta mwenza, wakampata Sony. Wahandisi wa pande mbili wakawa wanakutana, mara Eindhoven, mara Tokyo, mpaka Juni 1980.

Simulizi ninayoiamini kuhusu vikao hivyo ni ya Kees Schouhamer Immink, mhandisi wa Philips aliyekuwamo ndani na ambaye baadaye aliyaandika aliyoyaona. Anaeleza kwamba suala la kwanza gumu lilikuwa wingi wa biti za kuandikia sauti. Philips walikuwa tayari na chipu za biti 14. Sony wakashikilia 16, kwa hoja kwamba chombo hiki kitaishi miaka mingi na hakifai kuzaliwa na upungufu. Sony wakashinda. Philips hawakutupa chipu zao: waliziendesha kwa kasi mara nne ya kawaida na kuchuja kelele, wakapata ubora unaokaribia biti 16 kutoka kwenye chipu za 14. Mashine yao ya kwanza, CD100, ilitumia njia hiyo na ikasifiwa kwa sauti yake.

Suala la pili lilikuwa upana wa kisahani. Sony walitaka sentimita 12 badala ya 11.5. Nusu sentimita tu, lakini ndiyo iliyofikisha muda wa muziki dakika 74.

Hapa ndipo ilipozaliwa hadithi ambayo bila shaka umewahi kuisikia. Inasema kwamba Norio Ohga, makamu wa rais wa Sony, alitaka Simfoni ya Tisa ya Beethoven ienee yote katika CD moja bila kukatwa. Ohga alikuwa mtu wa muziki kwelikweli. Alisomea uimbaji Tokyo na Berlin, na aliingia Sony kwa sababu akiwa mwanafunzi aliwaandikia akilalamikia ubovu wa kinasa sauti chao. Rekodi ndefu ya simfoni hiyo iliyotajwa ni ya kondakta Wilhelm Furtwängler, iliyopigwa Bayreuth mwaka 1951. Ina dakika 74.

Hadithi tamu. Immink anaikataa, na mimi nasimama upande wake. Hoja yake ni ya kiwanda. PolyGram, kampuni ya muziki ambayo Philips walikuwa na hisa ndani yake, ilikuwa na kiwanda cha majaribio karibu na Hannover, Ujerumani, kilichokuwa tayari kutoa visahani vya sentimita 11.5. Sony hawakuwa na kiwanda. Kama upana ungebaki uleule, Philips wangeanza kuuza wakati wenzao bado wanachimba msingi. Kwa kudai sentimita 12, Sony waliwarudisha Philips kwenye mstari wa kuanzia, wote wakatoka pamoja. Tena kanda za video zilizotumika kupeleka muziki kiwandani miaka ile zilibeba dakika 72 tu, kwa hiyo Beethoven wa Furtwängler asingeingia hata kama kisahani kina nafasi. Anayetaka kuendelea na hadithi ya Beethoven aieleze kwanza hesabu hiyo.

Ninachowaheshimia watu hawa ni kwamba waligombana chumbani na wakatoka na karatasi moja. Kisahani sentimita 12, tundu la katikati milimita 15, unene milimita 1.2, sampuli 44,100 kwa sekunde. Agosti 1982 kiwanda cha Hannover kikatoa The Visitors ya ABBA. CD ya mwaka huo inapiga katika mashine ya leo, na ya leo inapiga katika mashine ya mwaka huo.

Makubaliano yaliendelea hadi nyuma ya mashine, kwenye nyaya. Nyekundu ni kulia, nyeupe ni kushoto, au nyeusi badala yake. Waya unatoka kwenye OUT ya mashine ya CD na kuingia kwenye tundu la risiva lililoandikwa CD. Risiva za kabla ya 1982 hazikuwa na neno hilo, lakini zilikuwa na AUX, na kazi yao ni ileile. Unazima vyombo vyote, unachomeka, unashusha sauti, ndipo unawasha na kugeuza kitufe cha kuchagulia kifike kwenye tundu ulilotumia.

Pa kukosea palikuwa pamoja: PHONO. Nyumbani kwetu tulikosea hapo. Amu alirudi na mashine ya CD, akaona tundu la PHONO lipo wazi na lina rangi zilezile, akachomeka. Spika zikanguruma hadi mama akaja mbio kutoka jikoni. Tundu lile ni la santuri. Sindano ya santuri hutoa umeme mdogo mno, milivolti chache, kwa hiyo risiva huukuza mara nyingi na kuinua besi iliyopunguzwa wakati santuri inakatwa. CD hutoa hadi volti mbili. Ukiziingiza pale, ni kama kumpigia kelele mtu aliyetega sikio asikie mnong'ono. Tulihamia AUX, na kwa mara ya kwanza nikasikia kimya kati ya wimbo na wimbo. Hakukuwa na ule mvumo wa kanda.

Kwetu Afrika Mashariki CD ilichelewa. Kanda ndiyo iliyotawala, na wanamuziki waliendelea kutoa albamu zao kwa kanda hadi miaka ya 2000. CD ilipoenea, nyingi zilikuwa za kurudufu, kisha zikaja MP3, flashi na simu.

Sasa sebule zetu zina sabufa zenye spika na amplifaya vilivyofungwa pamoja, na baadhi ya spika mpya hazina hata tundu moja la waya: zinasikiliza bluetooth tu. Betri ikifa au simu ikikataa kuungana, umebaki na kasha. Huku risiva za wazazi wetu, nzito, zenye transfoma ya shaba ndani, zinapimwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Naona huo ni upotevu. Chombo kilichotengenezwa mwaka 1975 kilipokea kaseti, kikapokea CD ambayo waundaji wake hawakuwahi kuiona, na kwa waya wa bei ndogo kinapokea simu uliyoishika.

Kama kuna risiva ya zamani stoo kwenu, igeuze utazame mgongoni kabla hujamwita mnunuzi. Ukikuta matundu mawili, jekundu na jeupe, chini ya neno AUX, mpelekee fundi redio aipanguse vumbi na kupima fyuzi. Usiiuze.