Wa Juu Amtazame wa Chini

Mwaka 1967 Shirikisho la Kimataifa la Skii, FIS, lilifanya mkutano wake mkuu Beirut, mji wa Lebanon unaoogeshwa na bahari na wenye milima ya theluji nyuma yake. Wajumbe walipitisha kanuni kumi za mwenendo wa watu mlimani. Si za mashindano: ni za mtu yeyote anayelipa nauli ya lifti na kuteremka na familia yake siku ya mapumziko. Kiini chake ni kwamba anayetoka juu ndiye mwenye jukumu la kumkwepa aliye chini. Aliye chini hana macho kisogoni, kwa hiyo asidaiwe kuona kinachomjia kutoka nyuma.

Leo hilo linaonekana jambo la wazi kabisa, lakini zamani desturi ilielekea upande mwingine. Watelezaji wa kale, walipomwona mtu mbele yao kwenye njia nyembamba, walipaza sauti. Waingereza na Wamarekani walipiga kelele “Track!”, Wajerumani na Waaustria “Bahn frei!”, na aliyekuwa mbele alitarajiwa kujisogeza pembeni haraka. Mwenye kasi ndiye aliyepewa njia. Kwa mlima wenye watu wachache desturi hiyo haikuleta madhara makubwa, na kweli watu walikuwa wachache. Mwanzoni mwa karne ya 20, aliyetaka kuteremka mara moja tu katika milima ya Alpi alipanda kwa miguu yake saa kadhaa, akiwa amefunga ngozi za sili chini ya skii ili zisimrudishe nyuma. Baada ya jasho lote hilo, nafasi ya kukutana na mgeni aliyemkatia njia ilikuwa ndogo.

Mashine ndizo zilizoleta msongamano. Desemba 1934, mhandisi wa Kiswisi Ernst Constam alifungua lifti ya kukokota kwenye mteremko wa Bolgen, Davos: kebo inazunguka, mtelezaji anashika kigongo, anavutwa hadi juu skii zake zikiwa chini. Miaka miwili baadaye, kampuni ya reli ya Union Pacific ilifungua lifti ya kwanza ya viti duniani huko Sun Valley, jimbo la Idaho. Aliyeibuni, mhandisi James Curran, alikuwa amewahi kushughulikia mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini. Aliichukua kebo ile ile iliyobeba ndizi kwa kulabu, akaondoa kulabu na kuweka viti. Safari ya saa kadhaa ikawa ya dakika chache, na aliyekuwa akiteremka mara moja kwa siku sasa aliteremka mara kumi na zaidi.

Kisha vita vikaja na somo la aina yake. Katika Vita vya Majira ya Baridi vya 1939 hadi 1940, wanajeshi wa Finland walivaa majoho meupe na kuteleza katikati ya misitu bila kuonekana na Wasovieti. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Marekani nayo iliunda Divisheni ya 10 ya Milimani, ikaifundisha Camp Hale, Colorado, kwa makoti meupe na skii zilizopakwa rangi nyeupe. Vita vilipokwisha, skii hizo ziliuzwa kwa bei rahisi kwa raia, na baadhi ya wapiganaji waliozivaa wakawa waanzilishi wa biashara ya skii Marekani. Pete Seibert, mmoja wao, ndiye aliyeongoza ujenzi wa Vail, iliyofunguliwa Desemba 1962. Watu waliofunzwa kutoonekana kwenye theluji walijikuta wakijenga milima ambako kutoonekana kulikuwa hatari.

Theluji yenyewe nayo ilibadilishwa. Huko Winter Park, Colorado, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Steve Bradley alibuni kifaa cha kushindilia na kusawazisha mteremko, kikiongozwa na mtelezaji aliyetangulia mbele yake. Vizazi vya baadaye vya kifaa hicho ni matrekta makubwa yenye minyororo yanayofanya kazi usiku. Mlima uliosawazishwa ni mwepesi kwa anayejifunza, na kwa aliyekomaa ni barabara ya kasi. Wote wawili wanautumia kwa wakati mmoja. Hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipo.

Methali inasema mwenye macho haambiwi tazama. Kwenye theluji ilibidi aambiwe, tena kwa maandishi. Kanuni za Beirut zinataka mtu ateleze kwa kasi inayolingana na uwezo wake, hali ya theluji na wingi wa watu. Anayetoka nyuma achague njia isiyomhatarisha aliye mbele. Anayempita mwenzake amwachie nafasi ya kutosha, hata kama mwenzake atapinda ghafla au kuyumba bila kukusudia. Anayeingia njiani au kuanza upya baada ya kusimama atazame juu na chini kwanza. Asisimame mahali pembamba wala pasipoonekana, na akianguka hapo aondoke haraka iwezekanavyo. Panapotokea ajali, kila mtu asaidie, na kila aliyehusika au aliyeshuhudia ajitambulishe. FIS haina polisi, lakini mahakama za Austria, Ujerumani na Uswisi huzitumia kanuni hizi kama kipimo cha uzembe.

Wakati kanuni zinapitishwa, kule Muskegon, jimbo la Michigan, kilikuwapo kitu kipya ambacho waandishi wa kanuni hizo hawakukifikiria. Siku ya Krismasi mwaka 1965, Sherman Poppen alikuwa ameunganisha skii mbili ziwe ubao mmoja ili binti zake wateremke wakiwa wamesimama. Mkewe aliuita Snurfer. Ulikuwa na kamba puani ya kushikilia na haukuwa na vifungo vya miguu, lakini uliuzwa kwa wingi kama kichezeo cha watoto. Jake Burton Carpenter, aliyeucheza akiwa kijana, alianza mwaka 1977 kutengeneza mbao zake mwenyewe Vermont, na kwa majaribio ya kila namna zikapata vifungo imara na kingo za chuma.

Wenye milima hawakuzitaka. Miaka ya mwanzo ya 1980 sehemu kubwa ya vituo vya skii Marekani iliwafukuza wenye mbao, na Burton na wenzake waliteleza usiku baada ya lifti kufungwa. Mwaka 1983, Stratton, Vermont, ikawa miongoni mwa vituo vikubwa vya kwanza kuwafungulia mlango. Vituo kadhaa vilivyofuata viliwatahini kwanza: mwenye ubao alionyesha kwamba anaweza kupinda pande zote na kusimama, ndipo akapewa kadi ya kupandia lifti. Mwenye skii hakudaiwa mtihani huo. Ni haki kusema ulikuwa ubaguzi, kwa sababu mwanafunzi wa skii wa siku ya kwanza huweza kumgonga mtu vilevile. Mwaka 1998 ubao uliingia Olimpiki huko Nagano, Japani.

Hata hivyo hofu ya wenye skii haikuwa chuki tupu. Mwenye skii husimama akitazama mbele, na shingo yake hugeuka kushoto na kulia kwa usawa. Mwenye ubao husimama ubavu. Akiwa ametanguliza mguu wa kushoto, kifua chake kinaelekea upande wa kulia wa mteremko, na upande wote wa kushoto uko mgongoni. Anapopinda kwa vidole anaona anakokwenda. Anapopinda kwa kisigino anaelekea kushoto, yaani kule kule alikokupa mgongo, na asipogeuza kichwa juu ya bega kwanza anaingia kwenye njia ya mtu asiyemwona. Aliyetanguliza mguu wa kulia ana upofu huo upande wa pili. Weka wawili hao sambamba, migongo ikielekeana, kila mmoja akipinda kwa kisigino, na utaelewa kwa nini waalimu hurudia jambo moja tangu somo la kwanza: bega kwanza, ubao baadaye.

Juu ya lifti nako kuna tatizo lake. Ili apande kiti, mwenye ubao hufungua mguu wa nyuma. Akifika kileleni hana budi kuufunga tena, na wengi hukaa chini theluji ikiwa imejaa kwenye kamba za vifungo. Watu watano wakikaa mstari mmoja mdomoni mwa mteremko, mlango umezibwa. Wakikaa chini kidogo ya kilima, anayekuja kwa kasi hawaoni mpaka amewafikia. Mwaka 2017 kampuni ya Burton ilitoa vifungo vinavyonasa kiatu kwa kukikanyagia tu, ambavyo vimepunguza kukaa huko kwa wanaoweza kuvinunua.

Kuhusu rangi, mitindo iliwasaidia watelezaji bila kukusudia. Miaka ya 1980 wenye mbao walivaa nguo za rangi kali zinazowaka, waridi, kijani na njano, na hapana shaka walionekana. Muongo uliofuata vijana walizikimbia, wakahamia suruali pana za kahawia na nyeusi. Nyeusi huonekana vizuri kwenye theluji yenye jua, lakini ndani ya njia inayopita msituni huchanganyika na vigogo. Nyeupe ndiyo mbaya zaidi, kama Wafini walivyojua. Siku ya mawingu mazito, vivuli vikitoweka na matuta yakawa sawa na tambarare, machungwa na nyekundu ndizo rangi zinazojitokeza, na miwani yenye vioo vya njano au waridi humsaidia anayetazama.

Lakini mahakamani swali la kwanza halikuwa nguo.

Aprili 1997, huko Vail, kijana aliyefanya kazi ya lifti aliteremka baada ya zamu yake akiwa amelala nyuma kwenye skii, akirushwa na matuta, bila uwezo wa kusimama. Alimgonga mwanamume aliyekuwa chini yake na kumuua. Sheria ya usalama wa skii ya Colorado ya 1979 ilikuwa tayari imeweka jukumu kuu kwa anayeteremka kutoka juu, ila majaji wawili wa ngazi za chini walikataa kesi ya jinai, wakisema uwezekano wa kuua mtu kwa kuteleza kasi haufiki nusu. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya jimbo iliwapinga: hatari inaweza kuwa kubwa hata kama uwezekano wake hauzidi nusu, hasa kinachowekwa rehani kikiwa ni uhai. Baraza la wazee wa mahakama lilimtia kijana huyo hatiani mwaka huo huo. Hoja ya Mahakama ya Juu ilikuwa sahihi, kwani kwa kipimo cha majaji wa kwanza karibu hakuna uzembe wowote wa mlimani ambao ungefika jinai.

Ulaya ilishtuka Januari 1, 2009. Dieter Althaus, waziri mkuu wa jimbo la Thuringia, Ujerumani, aligongana na mwanamke kwenye makutano ya njia mbili huko Riesneralm, Austria. Yeye alikuwa na helmeti, akanusurika na majeraha mazito. Mwanamke hakuwa nayo, akafa. Mahakama ya Austria ilimtia Althaus hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumtoza faini ya euro 33,300. Helmeti zilinunuliwa kwa kasi majira yale, na majimbo mengi ya Austria yakazifanya lazima kwa watoto wasiofika miaka 15. Italia ilikuwa imetangulia: sheria yake ya 2003 iliwalazimisha walio chini ya miaka 14 kuvaa helmeti, na kwenye makutano ikampa kipaumbele anayetoka kulia, kama barabarani. Mwaka 2022 umri ulipandishwa hadi 18, na mwaka 2025 lazima hiyo ikawa ya watu wote. Helmeti hupunguza madhara ya kugongwa; haimfanyi mtu wa juu amwone wa chini.

Marekani nayo ilipanua orodha ya wajibu mwaka 2022, wakati chama cha wenye vituo vya skii kilipoongeza vipengele vyake kuwa 10. Kimojawapo kinamtaka aliyegongana na mwenzake ampe mawasiliano yake na kumjulisha mfanyakazi wa kituo. Wanaogonga na kukimbia ni kero kubwa ya mlima uliojaa: kila mtu amefunika uso kwa miwani na skafu, na dakika mbili tu zinamtosha kupotea ndani ya umati.

Vituo vitatu vya Marekani bado havikubali mbao: Alta na Deer Valley huko Utah, na Mad River Glen huko Vermont. Mwaka 2014 wenye mbao waliishtaki Alta, iliyo kwenye ardhi ya serikali kuu, wakidai wananyimwa usawa mbele ya sheria. Miongoni mwa sababu zilizotolewa kuutetea uamuzi wa Alta ulikuwamo upofu wa ubavuni. Wenye mbao walishindwa, na mwaka 2016 wakashindwa tena kwenye rufaa.

Lakini mgongano uliofuatiliwa na watu wengi kuliko yote ulitokea Deer Valley, mlima usio na ubao hata mmoja. Februari 2016 mwigizaji Gwyneth Paltrow aligongana huko na mtaalamu mstaafu wa macho, wote wakiwa kwenye skii na kwenye mteremko wa wanaojifunza. Mwanamume alidai fidia. Kesi iliposikilizwa Park City, Machi 2023, kila upande ulisema ndio uliokuwa chini na kwamba mwenziwe ndiye aliyetoka nyuma. Mashahidi, wahandisi na michoro ya kompyuta vililetwa kujibu swali hilo moja. Wazee wanane wa baraza waliamua kwamba mwanamume ndiye aliyekosea kwa asilimia 100, na Paltrow akapewa dola 1 aliyokuwa ameiomba.